Nataka kuishi kwa kazi ya nyoka wenye sumu, mama hataki kusikia

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Pasua, Moshi. Tangu nikiwa shule ya msingi nakamata nyoka. Majirani wakiona nyoka bandani wananiita, wananipa elfu mbili au elfu tano. Nawashika shingoni kwa mkono na sijawahi kuumwa, ila mwaka juzi swila alinitemea machoni nikapona kwa maziwa. Mzee mmoja kutoka Usukuma alinichanja chale za dawa ya nyoka ili mwili uzoee. Sasa kuna mtu wa Arusha ananiambia gramu moja ya sumu inauzwa mamilioni, nimkamatie vifutu, mnunuzi anaye nje ya nchi. Tayari ninao wawili kwenye ndoo chumbani. Wengine wanasema niombe kazi kwenye bustani ya nyoka. Mama hataki kusikia. Halafu siku hizi nikisafisha ile ndoo napiga chafya mfululizo na macho yanawasha, sijui ni vumbi. Je, kazi hii inaweza kunilisha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kueleza bila kuficha. Kazi ya nyoka imenilisha mimi miaka 19 hapa Arusha na imesomesha watoto wangu, kwa hiyo sina sababu ya kukukatisha tamaa. Lakini kuna mambo mawili umeyataja kama ya kupita tu, nayo ndiyo yamenifanya nikujibu kabla ya wengine walioandika mapema: ile ndoo, na zile chafya.

Ndoo usiifungue tena. Funga mfuniko wake kwa kamba, iondoe kwenye chumba unacholala, iweke kivulini mahali ambapo mtoto hafiki, na kesho asubuhi nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya ueleze kwamba umewatoa vifutu wawili kwenye makazi ya watu na unaomba wachukuliwe. Usiseme utawaweka hadi mnunuzi aje. Kifutu hatagi mayai, anazaa watoto hai, kwa kawaida 20 hadi 40 kwa mara moja. Jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyekuwa kwenye bustani ya wanyama huko Ucheki alizaa 156. Kila mtoto anatoka akiwa na meno na sumu yake, na anapita kwenye tundu ambalo mama yake hawezi kupita. Kama mmojawapo wa hao wawili ni jike mwenye mimba, unaweza kuamka siku moja ukakuta chumba si chako tena.

Sasa chafya. Umesema hujui kama ni vumbi. Ninaamini ni vumbi, ila fikiria vumbi hilo limetengenezwa na nini. Nyoka aliyefungiwa anagonga mfuniko, anaacha sumu ukutani mwa ndoo, anauma panya na kumwachia mate yenye sumu, anajivua gamba. Vyote hivyo vikikauka vinakuwa unga mwembamba. Wewe unainama, unakwangua, unavuta pumzi. Sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini, na kinga ya mwili inatambua protini ngeni kama inavyotambua chavua au manyoya ya paka. Mara ya kwanza inajifunza tu. Mara ya kumi inajibu: pua inamwaga, macho yanawasha, ngozi inavimba vipele. Huo unaitwa mzio, na kwa watu wa kazi yetu ni hatari inayojulikana vizuri, kwa wanaokamua sumu na hata kwa mafundi wa maabara wanaopima unga wake.

Kinachonitia hofu ni hiki. Kifutu kwa kawaida anakupa muda. Sumu yake inavimbisha na kuua nyama ya mwili kwa saa na siku, na mgonjwa anayefikishwa hospitali mapema mara nyingi anapona. Lakini mtu mwenye mzio wa sumu hiyohiyo anaweza kubanwa koo na kushuka presha ndani ya dakika chache, kabla sumu yenyewe haijaanza kazi. Kuumwa ambako mwenzako angekuja kusimulia, wewe kunaweza kukumaliza ukiwa bado unatafuta bodaboda. Kwa hiyo kabla hujaomba kazi popote, uko Moshi, nenda hospitali ya KCMC, mweleze daktari kila kitu ulichoniandikia, pamoja na chale. Usione aibu juu ya chale. Yeye ndiye atakayesema kama unaruhusika kabisa kukaa karibu na nyoka, na kama unahitaji kutembea na sindano ya adrenalini. Hili mimi siwezi kulipima kwa maandishi, wala mtu mwingine yeyote asiyekuona ana kwa ana.

Nimezitaja chale kwa sababu huenda ndipo ulipoanzia. Simdharau mzee aliyekuchanja. Kule Usukuma kipo chama cha Bayeye, wacheza ngoma na nyoka, na watu hao wanajua tabia za nyoka kuliko wengi wenye vyeti. Nimekaa nao, nikajifunza jinsi ya kusoma shingo ya swila kabla hajainuka. Lakini kama ile dawa ina unga wa kichwa cha nyoka, maana yake ni kwamba protini ileile imeingizwa kwenye damu yako kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua. Inaweza kukujengea kinga kidogo ya aina moja ya nyoka, ikatoweka baada ya miezi. Inaweza pia kukujengea mzio. Hakuna anayeweza kukuahidi ipi kati ya hizo mbili.

Najua kuna watu watakutajia Bill Haast wa Marekani. Ni kweli, mzee huyo alifungua bustani yake ya nyoka Miami mwaka 1947, akajidunga sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi, akaumwa zaidi ya mara 170 na kufa mwaka 2011 akiwa na miaka 100. Wanaokusimulia hawakuonyeshi mikono yake, ilivyokuwa imekunjamana na vidole vimepinda. Tena kujidunga kwake hakukumzuia kufikishwa hospitali mara kadhaa akiwa hoi. Mtu mmoja aliyepona si kipimo cha wengine wote. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa Chicago, Karl Schmidt, aliumwa kidole gumba na nyoka wa mitini wa Afrika, mtoto tu, yule wa macho makubwa ambaye hata huku kwetu yupo. Aliona ni jambo dogo, akaandika dalili zake mwenyewe kwenye daftari, na siku iliyofuata akafa kwa kuvuja damu ndani. Sumu ya nyoka huyo inamaliza uwezo wa damu kuganda, tena bila maumivu makali ya kukushtua.

Unanieleza kwa fahari kwamba unawashika shingoni. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza tunayomvua mwanafunzi. Kifutu ana meno marefu yanayokunjuka, na akishikwa shingo anaweza kuyageuza kila upande, hata kuyapitisha kwenye taya lake la chini mpaka kidoleni mwako. Halafu kuna nyoka mwembamba mweusi anayeishi ardhini, hutokea usiku baada ya mvua, watu wengi wanamdhani si kitu. Huyo meno yake yanachomoza pembeni mdomo ukiwa umefungwa. Hakuna namna ya kumshika shingo ukabaki salama, na sumu yake haina dawa maalumu mpaka leo. Wanaoujua ufundi huu wanafanya kazi kwa umbali: fimbo yenye ndoano, mrija wa plastiki angavu ambao nyoka anaingizwa kichwa, sanduku lenye kufuli, na miwani kila panapokuwa na swila. Mkono ukikaribia nyoka, kuna kitu kimeharibika kwenye mpango.

Kuhusu macho, maziwa hayakukudhuru, ila kilichokuponya ni kule kuosha. Ikitokea tena, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, usifikiche, kisha nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Sumu ya swila inaweza kuchubua kioo cha jicho na kukuachia kovu.

Tuje kwenye mamilioni. Nikupeleke asubuhi moja ya kukamua. Tuko watu wawili, milango imefungwa, simu zimebaki nje. Mwenzangu anamtoa kifutu kwa ndoana na kumtuliza juu ya sponji. Hapa ndipo mahali pekee tunaposhika kichwa, na tunashika kwa sekunde, si kwa dakika. Kuna glasi ndogo iliyovalishwa utando mdomoni kama ngoma. Nyoka anauma utando, unasikia meno yanatoboa, kisha matone mazito ya manjano yanateremka kwenye glasi. Basi. Anarudishwa, anaandikwa kwenye daftari: namba yake, alikotoka, afya yake, kama kulikuwa na damu kwenye sumu. Sumu ile sehemu kubwa ni maji. Ikikaushwa kwa mashine ya baridi, kifutu mzima atakupa labda miligramu 100 hadi 350. Koboko ni kama miligramu 100. Halafu nyoka anapumzishwa wiki kadhaa.

Ukipiga hesabu utaona gramu moja inahitaji nyoka wangapi, panya wangapi, umeme kiasi gani. Na mnunuzi wa kweli, yaani maabara ya utafiti au kiwanda cha dawa, hanunui tone la ndoo. Anataka karatasi: nyoka gani hasa, wa wilaya ipi, amekamuliwa lini, na nani, kwa kibali gani. Sumu isiyo na historia haiwezi kutengeneza dawa, kwa sababu sumu ya aina moja ya nyoka hubadilika kutoka eneo hadi eneo. Wanunuzi wa namna hiyo ni wachache duniani na wana watu wao wa siku nyingi. Aliyekuambia mamilioni ama amedanganywa, ama anakudanganya. Katika vyote viwili, atakayekamatwa na ndoo ni wewe.

Maana sheria haina utata hapo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama wa porini ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wao. Kifutu aliyeingia bandani kwa jirani hajawa wako kwa kumkamata. Kumfuga, kumuuza au kumsafirisha kunahitaji kibali, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mtu akikwambia mnunuzi yuko nje na hana karatasi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, mkononi, mazungumzo yaishie hapo.

Basi pesa iko wapi? Iko kwa watu wanaoogopa nyoka na wanaotaka kumwona. Bustani za nyoka zinaishi kwa kiingilio cha wageni na wanafunzi. Nenda Meserani, kama kilomita 25 kutoka Arusha mjini kwenye barabara ya Makuyuni, ukae siku nzima uangalie watunzaji wanachofanya. Utaona muda mwingi wanafagia, wanabadilisha maji, wanaeleza. Anayelipwa vizuri ni yule anayeweza kusimama mbele ya wanafunzi 60 akawaondolea woga bila kumtoa nyoka kizimbani. Kuna waongoza watalii walioongeza elimu ya nyoka na mijusi wakawa wanaombwa kwa majina. Kuna mashamba ya miwa, kahawa na maua, na kambi za watalii, wanaohitaji mtu wa kuwaondolea nyoka na kuwafundisha wafanyakazi wao. Kipato hiki ni cha msimu, wageni wakipungua nacho kinapungua, na mshahara wa kuanzia ni mdogo. Wangu wa kwanza ulilipa kodi ya chumba kimoja Sakina na nauli ya daladala, mengine nilisaidiwa na mke wangu. Kama unaweza, soma. Chuo cha Mweka kiko hapo mlimani juu yako, tangu mwaka 1963 kinafundisha usimamizi wa wanyamapori, na cheti chake kitakufungulia milango ambayo ujasiri haufungui.

Nitakueleza sasa kwa nini kidole changu cha shahada cha kushoto hakikunji. Mwaka wangu wa nne nilikuwa mahali ambapo sitapataja. Ilikuwa Jumamosi jioni, umeme umekatika, nikaingiza mkono kuchukua bakuli la maji kwenye kizimba. Nilikuwa nimemhesabu kifutu mmoja. Walikuwa wawili, mwenzangu alihamishia mmoja humo mchana bila kuandika ubaoni. Sikumwona hata alipopiga, nilisikia kama nyundo. Tulipofungua jokofu la dawa, vichupa vyote vilikuwa vimepitwa na muda kwa mwaka mzima, na msimamizi alilijua hilo. Hospitali ya kwanza ilikuwa na vichupa viwili. Vingine viliazimwa kwingine usiku ule, mkono umeshavimba hadi begani. Nililala wodini wiki tatu, nyama ya kidole ikakatwa mara mbili. Sikuumwa kwa sababu ya kukosa ujasiri au ujuzi. Niliumwa kwa sababu ya ubao usioandikwa, na nikalazwa wiki tatu kwa sababu ya jokofu.

Dawa yenyewe, antivenomu, hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga iliyojengeka kwenye damu yake. Kwa hiyo inafanya kazi kwa sumu zile tu ambazo farasi yule alizionja. Ile ya mchanganyiko kutoka Afrika Kusini inashughulikia kifutu, koboko na swila kadhaa. Yule nyoka wa mitini ana dawa yake peke yake. Dozi hupimwa kwa sumu, siyo kwa uzito wa mtu, ndiyo maana mtoto hupewa sawa na mkubwa, na mgonjwa mmoja anaweza kumaliza vichupa kumi. Ni ghali, inahitaji jokofu, na haipatikani kila mahali. Kampuni ya Ufaransa ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, na chupa za mwisho zikaisha muda Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na hesabu zake zinasema vifo ni kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi ni wakulima na watoto wao.

Kwa hiyo ukienda kuomba kazi, swali la mshahara liache la pili. Kwanza omba uonyeshwe jokofu. Soma tarehe kwenye vichupa mwenyewe, uvihesabu. Uliza nani anaendesha gari usiku, hospitali ipi imekubali kuwapokea na ina mashine ya kupumulia, maana sumu ya koboko inazima misuli ya kupumua na dawa pekee inaweza isitoshe. Uliza kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kama jina lako litaingizwa. Angalia kama kila kizimba kina kibao cha idadi. Wakikuruhusu kumshika nyoka mwenye sumu wiki ya kwanza, ondoka. Mwalimu mzuri atakupa ufagio kwa miezi sita na kukuuliza kila jioni umeona nini.

Na mpaka hapo, ukiumwa wewe au jirani, haijalishi ni nyoka gani na hata kama hakuna maumivu: vua pete na saa, laza kiungo kitulie kwa kukifunga ubao kama mtu aliyevunjika, nenda hospitali palepale. Usikate, usifyonze, usibandike jiwe la nyoka, usikaze kamba. Usipoteze muda kumtafuta nyoka. Kama gari halipo, bodaboda inafaa, mgonjwa akae katikati na mtu wa nyuma amshikilie. Kope zikianza kulegea au ulimi kuwa mzito, mwambieni daktari mlangoni, msisubiri foleni.

Mama yako hujaniambia anasema nini hasa, ila najua wangu alisema nini: ukiumwa, nani atakubeba? Nilimjibu kwamba siogopi, akalia. Baada ya ile Jumamosi nilibadilisha kazi, na siku ya kwanza nilimchukua mama nikampeleka akaliona jokofu lenye vichupa 12, nikamwonyesha dereva, nikamwandikia jina la daktari kwenye karatasi. Hakuipenda kazi hata siku hiyo. Lakini karatasi aliikunja akaitia kwenye khanga, na kila tarehe ya dawa ilipokaribia kuisha, yeye ndiye aliyenipigia simu kunikumbusha.